Aliyekufa siku ya Michael Jackson

Simu ililia saa saba na nusu usiku. Meseji ya rafiki: "Pole sana ndugu yangu. Mpaka sasa siamini." Nikamjibu kwamba asante, alikuwa ameugua muda mrefu, na siku za mwisho alikuwa amechoka kabisa. Zikapita kama dakika mbili, simu ikalia tena. "Kumbe Michael Jackson alikuwa anaumwa?"

Nilikuwa kwenye benchi la hospitali, nimepakata mfuko wa nailoni: shali, kandambili, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi. Vitu vya shangazi yangu. Alikuwa amefariki mapema jioni ile na rafiki yangu hakuwa na habari. Pole yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Simlaumu. Usiku ule nusu ya dunia ilikuwa ikipeana pole. Hata Google, kwa jinsi watu walivyolitafuta jina lile kwa pamoja, kwa muda ilidhani inashambuliwa, ikawa inawarudishia watu ujumbe wa hitilafu.

Tangu hapo shangazi hana tarehe. Ana Michael Jackson. Ukiuliza kwenye ukoo wetu alifariki lini, hakuna atakayekutajia mwezi. Utaambiwa "siku ile aliyokufa Michael Jackson", nawe utaridhika, maana hiyo ni tarehe unayoweza kuitafuta mwenyewe. Mwanzoni jambo hili lilinikera, nikaona kama shangazi amegeuzwa kuwa tanbihi ya mtu asiyemjua. Kisha nikagundua kwamba siku ya babu, aliyefariki miaka michache kabla, hakuna aikumbukaye. Shangazi angalau ana msumari wa kutundikiwa.

Ndipo nilipoanza daftari langu. Ni la kawaida, la mistari, na kila ukurasa una tarehe moja na majina ya watu mashuhuri waliokufa siku hiyo. Jina la kwanza ni la yule aliyejaa magazetini kesho yake. Mimi huwa nalifukuzia la pili.

Nilijiwekea sharti: waliokufa kwa tukio moja hawaingii. Wanamuziki waliokuwa ndani ya ndege moja hawakukutana kwa sadfa, walipanda pamoja. Sharti hilo nimelivunja mara moja tu, kwa ajili ya tarehe 6 Aprili 1994. Ndege iliyotunguliwa Kigali jioni ile ilikuwa na marais wawili waliotoka mkutanoni Dar es Salaam. Juvénal Habyarimana wa Rwanda kila mtu anamtaja, kwa sababu ya yale yaliyofuata. Aliyekaa naye ndani ya ndege hiyo ni Cyprien Ntaryamira, rais wa Burundi, mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikuwa na miezi miwili tu madarakani. Waulize watu watano jina la rais wa pili. Nimeshafanya hivyo. Ukimpata mmoja anayelijua, una bahati. Kama rais anaweza kufa ndani ya ndege ileile, dakika ileile, na bado akawa wa pili, basi shangazi yangu alikuwa na nafasi gani?

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Nadhani hawakufika Moscow mwezi Machi 1953.

Sergei Prokofiev alikuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa karne ile. Aliondoka Urusi baada ya mapinduzi, akaishi Marekani na Ufaransa, kisha miaka ya 1930 akarudi kwao kwa hiari yake. Mwaka 1948 Chama cha Kikomunisti kilichotawala kikamshutumu yeye na wenzake kwamba muziki wao si wa umma. Baadhi ya kazi zake zikapigwa marufuku. Mwaka huohuo mke wake wa kwanza, Lina, mwanamke wa Kihispania aliyemfuata hadi Moscow, alikamatwa na kuhukumiwa miaka 20 kambini. Afya ya Prokofiev ilikuwa imeshavunjika, na madaktari walimpimia saa za kufanya kazi kama anavyopimiwa mtoto sukari.

Akafa jioni ya tarehe 5 Machi 1953, akiwa na miaka 61. Takriban saa moja baadaye, saa nne kasoro dakika kumi usiku, akafa Joseph Stalin, mtawala wa nchi hiyo.

Sasa fikiria mahali penyewe. Prokofiev alikuwa akiishi katikati ya jiji, hatua chache kutoka lile jengo lenye Ukumbi wa Nguzo ambamo mwili wa Stalin uliwekwa ili watu wamuage. Barabara zote za pale zikafurika. Watu walisukumana kiasi kwamba wengi walikufa kwa kukanyagwa, wakienda kumuaga mtu aliyekuwa amekwisha kufa. Gari la maiti halikuweza kuufikia mlango wa Prokofiev. Inasimuliwa kwamba mwili ulikaa ndani siku tatu, na ulipotolewa ilibidi jeneza libebwe mikononi kupitia vichochoro, likienda kinyume na mkondo wa watu. Maua hayakuwepo. Yote ya jiji yalikuwa yamechukuliwa. Wanasema jirani mmoja alileta mimea yake ya kwenye vyungu, ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Waliofika kumzika walikuwa wachache. David Oistrakh, mpiga fidla, alipiga sehemu mbili za sonata aliyotungiwa na Prokofiev mwenyewe. Ipo sehemu moja humo ambamo fidla inapita mbio juu na chini kwa sauti nyembamba, na mtunzi alikuwa amesema ni kama upepo makaburini. Nimeisikiliza mara nyingi usiku. Sijui nadharia ya muziki, lakini upepo ninausikia.

Jarida la watunzi wa muziki la nchi hiyo, hivi ndivyo hadithi inavyokwenda, lilitoa kurasa 115 za mwanzo kwa Stalin. Prokofiev akapewa ukurasa wa 116. Jarida la muziki! Na Lina, kule kambini, hakuandikiwa barua na mtu. Habari ilimfikia baadaye kabisa, kupitia mfungwa mwenzake aliyesikia redioni.

Kinachonigusa katika ukurasa huu wa daftari ni hesabu ya dakika. Prokofiev alitangulia. Laiti Stalin angekufa siku nne baadaye, pengine mtunzi yule angezikwa kwa maua, na magazeti yangemwandika. Kwa upande mwingine, laiti Stalin angekufa mwaka mmoja kabla... lakini huko tukienda hatutarudi.

Ukurasa uliochoka zaidi kwa kufunguliwa ni wa tarehe 22 Novemba 1963. Huo kila mtu anajua jina lake la kwanza. Rais John F. Kennedy alipigwa risasi Dallas saa sita na nusu mchana, na saa saba kamili akatangazwa kuwa amekufa. Alikuwa na miaka 46. Siku hiyohiyo wakafa waandishi wawili wakubwa wa Kiingereza: C. S. Lewis huko Oxford na Aldous Huxley huko Los Angeles.

Lewis alikuwa na ugonjwa wa figo. Alikuwa nyumbani na kaka yake. Saa kumi kaka akampelekea chai chumbani, wakabadilishana maneno machache, akatoka. Saa kumi na moja na nusu akasikia kishindo. Alimkuta ameanguka sakafuni, miguuni pa kitanda, na dakika chache baadaye alikuwa amekwenda. Ilibaki wiki moja atimize miaka 65.

Huxley alikuwa na saratani ya koo na hakuweza tena kusema. Aliandika kwenye karatasi akimwomba mke wake, Laura, amchome sindano ya LSD, ile dawa ya kulevya akili ambayo alikuwa ameiandikia sana alipokuwa mzima. Laura alikwenda chumba kingine kuichukua, na humo akamkuta daktari na wengine wamekodolea macho televisheni. Baadaye aliandika jinsi alivyoshangaa: mtu anakufa ndani ya nyumba, nao wanatazama televisheni! Hakujua bado walichokuwa wanakitazama. Huxley alikata roho saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, bila vurugu, na bila kujua habari za Dallas.

Hapo ndipo nilipochukua penseli nikaanza kuhesabu saa, na hapo ndipo daftari lote liliponigeukia. Oxford iko mbele ya Dallas kwa saa sita. Lewis alipoanguka, Dallas ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Ndege ya Kennedy ilikuwa bado haijagusa ardhi ya jiji lile. Rais alikuwa mzima kabisa, bila shaka akiwaza hotuba ya mchana. Mtu anayesema Lewis alikufa "siku aliyouawa Kennedy" anasema kweli, ila wakati ule siku hiyo ilikuwa bado haijawa siku ya Kennedy. Ilikuwa Ijumaa tu. Na Huxley? Alipokata roho jioni ya California, saa za Oxford zilisoma saa saba na dakika ishirini usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukiwa Los Angeles, waandishi hawa walikufa siku moja. Ukiwa ndani ya nyumba ya Lewis, wa pili amekufa tarehe 23.

Na kuna wa nne ambaye hata orodha za namna hii humruka: J. D. Tippit, askari polisi wa Dallas, aliyepigwa risasi mtaani robo saa tu baada ya Kennedy kutangazwa kufa. Yeye ni tukio lilelile, sharti linamkataa. Nimemwandika pembeni kwa penseli.

Baada ya hapo nikaanza kuzitilia shaka tarehe zote. Chukua ile maarufu kuliko zote, 23 Aprili 1616, siku ambayo Shakespeare na Cervantes wanasemekana walikufa pamoja, hadi UNESCO ikaifanya kuwa Siku ya Vitabu Duniani. Ni jambo zuri, tatizo ni kalenda. Hispania ilikuwa imehamia kalenda mpya tangu 1582, Uingereza ikang'ang'ania ya zamani hadi 1752. Mwaka ule kalenda hizo zilipishana siku 10. Shakespeare alipokufa tarehe 23 ya Kiingereza, Hispania ilikuwa inasoma tarehe 3 Mei. Tena Cervantes mwenyewe alikufa tarehe 22. Tarehe 23 ndiyo aliyozikwa. Kwa hiyo hawakufa siku moja kwa hesabu yoyote ile. Walikufa tarehe moja, na hata hiyo ni kwa kusaidiwa. Anayestahili kweli ukurasa huo ni Inca Garcilaso de la Vega, mwandishi mzaliwa wa Peru, mama yake wa ukoo wa kifalme wa Inca, aliyekufa Córdoba mwaka huohuo. Ndiye wa tatu, na ndiye anayesahaulika kila Aprili.

Wakati mwingine tarehe hubebwa na gari. Édith Piaf, mwimbaji wa Kifaransa, alikufa kusini mwa Ufaransa tarehe 10 Oktoba 1963 akiwa na miaka 47. Lakini Piaf alikuwa mtoto wa Paris, na mumewe hakutaka mashabiki waambiwe alifia mbali. Mwili ukasafirishwa usiku kwa siri hadi Paris, kifo kikatangazwa tarehe 11. Siku hiyo akafa rafiki yake Jean Cocteau, mshairi na mtengeneza filamu, kwa mshtuko wa moyo. Wengi husimulia kwamba habari ya Piaf ndiyo iliyomuua. Inawezekana, alikuwa na miaka 74 na moyo wake ulikuwa mgonjwa tayari. Ninachopenda mimi ni kwamba kama si safari ile ya usiku, wasingekuwa na tarehe moja. Sadfa ilitengenezwa kwa mafuta ya gari, kisha rafiki akaja kuikamilisha kwa kweli.

Wamarekani wao wana sadfa ambayo hakuna saa wala kalenda inayoweza kuibomoa. Tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru wao, walikufa marais wawili wastaafu waliolishughulikia azimio hilo: Thomas Jefferson mchana, akiwa na miaka 83, na John Adams jioni, akiwa na 90. Waliwahi kuwa marafiki, wakawa mahasimu wa kisiasa, na uzeeni wakarudiana kwa barua. Adams anasimuliwa kusema, karibu na mwisho, kwamba Thomas Jefferson bado yu hai. Jefferson alikuwa amekufa saa chache kabla. Habari zilisafiri kwa mwendo wa farasi, na hilo tu ndilo lililomwacha Adams na faraja hiyo. Rais wa wakati ule, John Quincy Adams, mtoto wa marehemu, aliandika katika shajara yake kwamba aliona humo mkono wa Mungu. Miaka mitano baadaye, 4 Julai 1831, akafa na James Monroe, rais mwingine mstaafu. Nchi nzima ikawa inatazama kalenda. Ndiyo maana nampenda James Madison. Mwaka 1836 alikuwa anakufa, ikiwa ni mwisho wa Juni, na inasimuliwa madaktari walimwambia wanaweza kumpa dawa za kumsukuma hadi tarehe 4. Akakataa. Alikufa tarehe 28 Juni, siku isiyo ya mtu yeyote ila yake.

Mtu atauliza kama haya yote yana maana yoyote. Kwa hesabu kavu, hayana. Duniani hufa takriban watu milioni 60 kwa mwaka, yaani zaidi ya 160,000 kila siku. Na kuna hesabu ile ya siku za kuzaliwa ambayo walimu wa hisabati hupenda kuwashangazia wanafunzi: ukikusanya watu 23, uwezekano kwamba wawili kati yao wana siku moja ya kuzaliwa umeshapita nusu. Kufa ni vivyo hivyo. Wakifa watu mashuhuri 23 tu katika mwaka, sadfa ina nafasi kubwa kuliko kutokuwepo kwake. Daftari langu limejaa kurasa za namna hiyo: Orson Welles na Yul Brynner, 10 Oktoba 1985. Jim Henson na Sammy Davis Jr., 16 Mei 1990. Federico Fellini na kijana River Phoenix, 31 Oktoba 1993. Ingmar Bergman na Michelangelo Antonioni, wazee wawili wa sinema ya Ulaya, 30 Julai 2007, hao angalau wakagawana magazeti nusu kwa nusu. Ajabu ingekuwa kurasa hizo kuwa tupu.

Lakini hesabu hainisaidii na benchi lile la hospitali.

Mwezi uliopita dada yangu, binti wa shangazi, alinipigia. Kulikuwa na karatasi fulani za kujaza, akataka tarehe kamili. "Mama alifariki lini vile? Si siku ya Michael Jackson?" Nikamwambia 25 Juni 2009, bila hata kufungua chochote. Baada ya kukata simu nikafungua daftari, kwa mazoea tu. Ukurasa huo sikuwahi kuufanyia hesabu ya saa. Nadhani nilikuwa naukwepa.

Michael Jackson alitangazwa kuwa amekufa Los Angeles saa nane na dakika ishirini na sita mchana. Tofauti ya saa zao na zetu za Afrika Mashariki majira yale ni kumi. Kwetu ilikuwa saa sita na dakika ishirini na sita usiku, yaani tarehe 26 ilikuwa imeshaingia. Siku aliyokufa Michael Jackson, kwa saa ya ukutani pale hospitalini, shangazi hakuwemo tena.

Jina la pili kwenye ukurasa ule ni Farrah Fawcett. Alikuwa mwigizaji wa televisheni, Mmarekani, na miaka ya 1970 bango lake la vazi jekundu la kuogelea lilitundikwa kwenye kuta za vyumba visivyohesabika. Alikuwa na miaka 62. Aliugua saratani karibu miaka mitatu, na alijirekodi akiugua, akitapika, akinyoa nywele zilezile zilizompa jina. Filamu hiyo ilionyeshwa wiki chache tu kabla hajafa. Asubuhi ya siku ile vituo vya televisheni vya Marekani vilikuwa vyake. Kufikia jioni hakuna aliyemtaja. Machi iliyofuata, kwenye tuzo za Oscar, walipoonyesha picha za wanasinema waliofariki mwaka ule, yeye hakuwemo. Michael Jackson alikuwemo.

Alikufa saa tatu na dakika ishirini na nane asubuhi huko California. Kwetu, saa moja na dakika ishirini na nane jioni, tarehe 25.

Nikampigia dada anisomee karatasi ya hospitali. Akaitafuta kwa muda, nikamsikia anavuta droo. Mwandiko wa daktari ulimsumbua, akawa anasoma tarakimu mojamoja. Saa moja na robo jioni. Dakika kumi na tatu kabla.

"Basi Mama hakufa siku ya Michael Jackson," nilimwambia.

"Kumbe ya nani?"

"Farrah Fawcett."

Akanyamaza kidogo. "Huyo ni nani?"

Nikamtumia ile picha ya vazi jekundu. Meseji inaonyesha ameiona, ila hajajibu.